Mkoa Uliofutwa, Polisi Wakabaki

Kwetu sisi Warundi, mtu akija kuomba binti hatumwulizi kwanza anafanya kazi gani. Kazi hapa Buffalo kila mtu anayo. Hata mume wa jirani yangu wa ghorofani, mvivu ninayemjua mimi, anafunga maboksi kwenye ghala moja huko Lackawanna. Tunamwuliza ni wa wapi. Hapo ndipo penye maneno. Na anayeuliza si baba wa binti peke yake: ukoo unauliza, majirani wa ukoo wanauliza, na sisi ambao hakuna aliyetutuma tunauliza pia.

Spés alipopata mchumba, basi, simu zilianza kulia kabla binti mwenyewe hajamaliza kutuambia jina. Mchumba anaitwa Pius, Mtanzania wa Columbus, mtaa wa Clintonville. Mfamasia. Mrefu, mpole mpaka unatamani kumfinya uone kama yuko macho. Walikutana kwaya yetu ilipokwenda kuimba Columbus. Yeye alikuja kusikiliza, akaishia kubeba spika mpaka garini, na kwa bahati gani sijui, spika zote alizobeba zilikuwa za upande aliosimama Spés.

Sasa, mwenye kutoa neno juu ya Spés alikuwa mtu mmoja tu: Gaudiosi wa Louisville, baba yake mdogo. Baba mzazi alifariki Spés akiwa bado anabebwa mgongoni. Gaudiosi akamlea kambini Tanzania pamoja na binti yake mwenyewe, Florida, akaja nao Amerika, akawasomesha kwa kazi ya kiwanda, kusimama usiku na kulala mchana. Spés alipohamia Buffalo kusoma uuguzi, Gaudiosi alinipigia mimi, Mama Liberati, akasema, "Nakuachia mtoto. Ukimwona amekonda, sitakuuliza yeye, nitakuuliza wewe." Tangu hapo Spés anakula kwangu, hapa karibu na barabara ya Bailey, kwenye nyumba ambayo mlango wake haujui kufungwa.

Na ni jikoni kwangu, akimenya ndizi, aliponiambia, "Mama Liberati, nikiolewa bila baba mdogo kusimama, itakuwa nimetoroka tu. Sitaki. Tulishatoroka vya kutosha."

Maneno hayo yaliniingia. Kwa maana nilimjua Gaudiosi. Tangu yale ya Florida, alikuwa amekuwa mgumu kama mlango wa benki. Florida aliolewa na mwanamume aliyesema kwao ni Ruyigi, kule Burundi, akataja kilima, maana kwetu kilima ndicho kijiji, akataja mpaka jina la mchungaji. Gaudiosi akaamini, akasimama, akatoa neno. Baadaye mume akaanza ngumi. Gaudiosi akatafuta wazee wa kilima kile kwa simu awapelekee lawama. Hakukuwa na wazee. Hakuna aliyemjua mtu wa jina hilo. Florida akarudi kwa baba yake na begi moja. Toka siku hiyo Gaudiosi hamwamini mtu anayetaja kwao haraka.

Basi akampigia Pius. Aliweka simu kwenye spika, Florida akisikiliza, ndiye aliyenisimulia.

"Shikamoo mzee," Pius akaanza, kwa adabu zote.

"Marahaba. Wewe ni wa wapi, kijana?"

"Ukoo wetu ni wa Bukoba, mzee. Ila mimi nilizaliwa Humberside."

"Ndiyo wapi hiyo?"

"Uingereza. Ni mkoa. Yaani, ulikuwa mkoa."

"Ulikuwa? Mkoa unakuwaje ulikuwa?"

"Waliufuta, mzee."

Jamani. Mtu mwingine angesema Uingereza akanyamaza, tukala pilau. Lakini Pius ni mtu wa dawa. Amezoea kusema kila kitu kama kilivyo kwenye kibandiko cha chupa. Gaudiosi akamshukuru, akakata simu, akamwambia Florida, "Huyu kamzidi hata yule wako. Yule alinidanganya kilima. Huyu ananidanganya mkoa mzima."

Hata hivyo Gaudiosi ni mtu wa haki, akasema aulize. Akamwuliza Jovini, dereva mwenzao wa Louisville ambaye kabla ya Amerika aliendesha malori Uingereza miaka na miaka. Jovini hakufikiri hata kidogo. "Mimi nchi ile nimeipita kutoka juu mpaka chini. Mkoa wa jina hilo hakuna. Jina lenyewe nimeliona kwenye magari ya polisi tu."

Jovini hakusema uongo, tulikuja kujua. Lakini neno likishatoka Louisville, halifiki Columbus likiwa na nguo zile zile. Columbus kuna Zihindula, Mkongomani anayeuza samaki wakavu kwa gari, na Buffalo hutuletea pia. Alipofika kwangu na samaki wake alikuwa hajakaa vizuri kwenye kiti.

"Mama Liberati, bon, ile kijana ya Spés, ulisikia? Inasemekana ilizaliwa ndani ya polisi."

"Ndani ya polisi vipi, Zihindula?"

"Donc mama yake ilikuwa kwa jela! Sasa mimi ninajua wapi? Ninabeba tu vile nilipewa."

Aliuza samaki kanisani Jumapili ile. Kufika jioni, kina mama wa kwaya walikuwa wananiuliza kama ni kweli polisi wa Uingereza wanamtafuta mkwe wetu, na kama wanamtafuta, je, chakula cha posa kiendelee kupikwa au kisubiri.

Spés akampigia Pius, hapo hapo mezani kwangu. Akamweleza yote, polisi, jela, kila kitu, huku analia. Pius akacheka. Nilimsikia mwenyewe. Alicheka kicheko kifupi, kisha akasema atamtumia mahali pa kusoma, kila kitu kimeandikwa, baba mdogo asome.

Spés akaizima simu akaigeuza kifudifudi.

"Anacheka," akaniambia. "Mimi nalia yeye anacheka. Halafu ananitumia vitu vya kusoma. Baba mdogo hasomi simu, Mama Liberati. Baba mdogo anasoma uso."

Nikampokonya simu nikampigia Pius mimi. "Mwanangu, sikiliza. Zima hiyo kompyuta. Mlete mama yako."

Pius akajibu, "Kwetu mama wa bwana harusi haendi kuposa. Anabaki nyumbani kungoja habari."

"Na kwetu habari zishafika kabla ya wageni. Mlete."

*

Siku yenyewe sebule yangu ilijaa mpaka ngazini. Viti tulivikopa kanisani, tukavipanga pande mbili, wageni huku, wenyeji huku, katikati nafasi ya kupita mtu na sinia. Theluji ilikuwa imekwisha, madirisha wazi, na majirani zangu Wamarekani wamekaa barazani kwao wakitazama vitenge vinavyoingia. Spés alikuwa chumbani na shangazi zake kama desturi. Binti haonekani mpaka aitwe. Mimi nilijiweka kwenye kiti cha karibu na mlango wa chumba hicho, maana kazi yangu ni kupeleka habari ndani na kutoa nyingine nje.

Gaudiosi alifika na Florida kutoka Louisville. Alisalimia kila mtu kwa mkono. Kisha akakaa kwenye kiti cha mbele, mahali pake, lakini ukingoni kabisa, kama mtu anayengojea basi.

Msemaji wa upande wa Pius alikuwa mzee Ferdinandi, Mrundi wa Columbus, hodari wa mchezo wa kuomba binti; watu humtafuta kutoka mbali. Maana kwetu haiombwi moja kwa moja. Wageni hujifanya wamepotea, wenyeji hujifanya hawaelewi, na mwenye ulimi mzuri ndiye anayekumbukwa. Ferdinandi akasimama, akakohoa, akaanza.

"Wenye nyumba, amani. Sisi ni wafugaji. Ndama wetu alituponyoka kule Columbus, tukafuata nyayo. Tumepita Cleveland, tumepita Erie, nyayo zimeishia kwenye ngazi za nyumba hii."

"Mtaa huu hauna ndama!" akadakia mzee mmoja wa kwetu. "Mlichokiona ni mbwa wa jirani!"

Watu wakacheka, Ferdinandi akavuta pumzi ajibu, na Gaudiosi akanyanyua mkono.

"Ferdinandi, ndugu yangu. Mfunge ndama wako kwanza. Mimi nimetoka Louisville na swali moja, na nisipojibiwa nitakula chakula cha mama huyu nirudi zangu. Kijana huyu anasema alizaliwa mkoa ambao haupo. Nani ananionyesha kwao?"

Ferdinandi akafungua mdomo, akaufunga. Methali anazo za ndama, za mvua, za mizinga ya nyuki. Ya mkoa uliofutwa hakuwa nayo.

Ndipo akasimama mwanamke kwenye upande wa wageni. Mfupi, mnene kidogo, kitenge cha kijani na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Winifrida, mama yake Pius.

"Mama, keti," Ferdinandi akamnong'oneza, "msemaji ni mimi."

"Ferdinandi, wewe uliwahi kufika Humberside?"

"Hapana."

"Basi keti wewe."

Nikajua hapo tumepata mkwe.

"Mzee Gaudiosi," akasema, "nisamehe, kwetu mama haongei kwenye posa. Lakini swali lako ni langu. Mimi na marehemu mume wangu tulikwenda mji mmoja wa bandari, Hull, yeye akisomea mambo ya meli. Tulipofika wakatuambia kwenye anwani andikeni Humberside. Tukaandika. Mgeni anaandika anachoambiwa. Kumbe wenyewe hawaandiki."

"Wenyewe nani?"

"Wenyeji. Ngoja nikueleze. Pale kuna mto mpana kama ziwa, maji rangi ya chai ya maziwa. Kaskazini ya mto watu ni wa Yorkshire. Kusini ni wa Lincolnshire. Tangu babu na babu, na kila upande unamwona mwenzake mshamba. Sasa wakubwa wa London wakachukua kalamu. Wakakata kipande huku, wakakata kipande kule, wakavishona pamoja, wakasema kuanzia leo ninyi ni mkoa mmoja."

"Waliwauliza?"

"Wenyewe wanasema hawakuulizwa. Tena walitangaziwa uanze tarehe mosi Aprili."

"Siku ya Wajinga!" akapaza sauti mtu nyuma.

"Siku ya Wajinga, elfu moja mia tisa sabini na nne. Na kweli watu walidhani ni mzaha. Wakawajengea na daraja la kuning'inia, siku hizo duniani hakuna daraja la namna ile lililolizidi urefu. Daraja likaisha, watu wakavuka, wakaangalia upande wa pili, wakarudi nyumbani."

Kicheko kikapita chumba kizima. Gaudiosi hakucheka, lakini niliona amesogea nyuma kidogo kwenye kiti.

"Vibao vya barabarani walivipaka rangi jina lisisomeke. Jirani yangu, Bi Doreen, mama mzuri sana, alinifundisha kuwasha jiko lao, lakini jina la mkoa ule hakuliandika hata siku moja. Barua ikija na jina hilo analikata kwa kalamu kabla hajaifungua. Miaka ishirini na ushee hivyo hivyo, mpaka serikali ikachoka. Wakaufuta. Unajua lini?"

"Usiniambie," akasema Gaudiosi.

"Tarehe mosi Aprili."

Hapo hata Gaudiosi akashindwa; akacheka puani, akajifuta mdomo kama amekohoa.

"Nani alilia?" akauliza.

"Hakuna. Bi Doreen alioka keki. Niliyelia ni mimi, Pius akiwa mdogo bado anafundishwa kufunga viatu. Nilimwambia baba yake, mkoa wa mtoto umekufa. Mzee Gaudiosi, nitakuambia kitu: walioupenda mkoa huo marehemu tulikuwa sisi wageni. Mchina wa duka la chipsi, Mbengali wa teksi, na mimi. Hatukujua kwamba tunatakiwa kuukataa. Tuliambiwa hapa ni Humberside, tukasema asante, tukazaa watoto. Nikamfundisha mwanangu: ukiulizwa ulizaliwa wapi, sema hivyo. Na yeye unavyomwona, ukimfundisha kitu hakiachi."

"Na hao polisi?"

"Polisi walibaki na jina lao. Zimamoto nao. Na uwanja wa ndege."

"Mkoa hauko, polisi wake wapo?"

"Wapo mpaka leo."

Gaudiosi akatikisa kichwa polepole. "Duniani kote polisi ndio wa mwisho kuondoka."

Zihindula hakuweza kuvumilia. "Donc mama, ile kijana haikuzaliwa kwa polisi?"

"Alizaliwa hospitali, baba, nikiwa nimetoka kunywa chai."

Nikaingiza kichwa chumbani kumwambia Spés mambo yanakwenda. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango, shanga kichwani, amejibana mdomo kwa kiganja, sijui anacheka au anafanya nini. Akanifanyia ishara ninyamaze, asikie. Maana Gaudiosi alikuwa ameanza kuuliza tena, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama Pius. Nyumba mliyokaa. Walipoufuta mkoa, nyumba waliifanyaje?"

Winifrida hakuelewa. "Nyumba? Hawakuifanya kitu. Ipo. Kwa nini waifanye kitu?"

"Na watu waliokuwa ndani?"

"Walibaki. Asubuhi walikwenda kazini. Walibadilisha vibao tu."

Gaudiosi akatazama sakafu. "Kumbe mahali panaweza kufutwa na nyumba zikabaki."

Wengi wetu mle ndani tulijua anakokwenda.

"Huyu binti alizaliwa Kanembwa," akasema. "Kambi, kule Kibondo, Tanzania. Kanembwa ilifungwa. Walianza na nyumba. Mtu akipanda basi, nyumba yake ya udongo inasukumwa nyuma yake, asije akaingia mwingine. Mwaka juzi mtu alipita akanitumia picha. Upande wetu ni majani, na mihogo ya watu nisiowajua. Kaka yangu tulimzika pale, nyuma ya kanisa, na kwenye picha hata kanisa silioni. Sikumwonyesha binti. Ningemwonyesha nini? Majani?"

Nyuma yangu mlango ulilia. Spés alikuwa ameuegemea.

Mwingine angehubiri hapo. Winifrida alinyanyua kiti chake, akavuka nacho ile nafasi ya katikati ambayo hairuhusiwi kuvukwa kabla binti hajatolewa, akakiweka kando ya Gaudiosi, akaketi upande wetu. Ferdinandi alishika kichwa.

"Baba," akamwambia, "ukimwuliza mtu ni wa wapi, hasa unataka kujua nini?"

Gaudiosi akamtazama Florida, na Florida akatazama pembeni. "Nataka kujua akimpiga binti yangu, lawama nampelekea nani. Mwaka ule nilizishika lawama mkononi, nikatafuta mlango wa kubisha, sikuupata."

"Basi nibishie mimi. Clintonville, nyumba ya kona. Nikihama nitakwambia nimehamia wapi. Nikifa, dada yangu yuko Bukoba. Namba yake hii hapa. Mpigie."

"Nitampigia."

"Sasa hivi."

"Sasa? Bukoba watu washakula."

"Ndiyo wakati wa kuongea. Mpigie bila kunitazama, nisije nikamkonyeza kwa simu."

Akampigia, kweli, mbele ya watu wote, simu kwenye spika. Ikaita, ikaita, ikapokelewa na sauti kubwa ya mama aliyezoea kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Nani?"

"Shikamoo mama, samahani. Naitwa Gaudiosi. Nauliza kama unamjua kijana anaitwa Pius, mtoto wa Winifrida."

"Pius aliyekuja likizo akavunja dirisha la padri?"

Tukaanguka kwa kicheko. Pius, ambaye mpaka hapo alikuwa amekaa kama picha ya pasipoti, akainamisha kichwa mpaka magotini.

"Alikuja mwenyewe kuniambia," sauti ikaendelea, "hajaulizwa na mtu! Mimi nilimwambia, mjinga wewe, padri alishamshtaki mwingine. Akaenda kwa padri akasema ni yeye, akafagia kanisa mwezi mzima. Ana nini? Amevunja kingine?"

"Hapana, mama. Anataka kuoa kwangu. Nikiwa na lawama, nikuletee wewe?"

"Niletee! Mimi Catherine, nyumba iko nyuma ya soko, uliza mtu yeyote. Winifrida yuko hapo? Winifrida! Mmeshakula bila mimi?"

Ilichukua muda kumtoa Catherine kwenye simu. Gaudiosi alipoiweka mfukoni, akamgeukia Pius kwa mara ya kwanza.

"Kijana, simama. Binti yangu alikupigia analia. Wewe ukacheka. Kwa nini?"

Pius akasimama, urefu wote ule, hajui mikono aiweke wapi.

"Mzee, mimi tangu mdogo nikilitaja lile jina, Waingereza wenyewe hucheka. Walimu, watu wa viwanja vya ndege, wote. Nikazoea kuwahi kucheka kabla yao. Nilicheka kabla sijamsikia Spés analia. Nilikosea." Akameza mate. "Na nilikosea kumtumia vitu vya kusoma. Ningeendesha gari nije."

"Columbus si mbali," akasema Gaudiosi.

"Si mbali, mzee."

Gaudiosi akamtazama muda mrefu, usoni, kama anavyosoma yeye. Kisha mzee akasogea, akakaa kwenye kiti chake mpaka mgongo ukagusa, akakunja nne.

"Ferdinandi," akasema, "ndama wako ana alama gani? Maana hapa wanakuja wezi wengi."

Vigelegele vilipigwa mpaka mbwa wa jirani akabweka, na mzee wetu akamwelekezea kidole, "Si niliwaambia!" Ferdinandi naye, mtu aliyeamka kutoka kwa wafu, alimwaga methali zote alizokuwa amezibana, za ndama, za mvua, za mizinga. Walibishana kwa furaha. Mwishowe Gaudiosi akaita, nikafungua mlango, na Spés akatoka na shangazi zake.

"Mwanangu," Gaudiosi akamwuliza, kama inavyoulizwa, "hawa watu unawajua?"

Kwa desturi binti anajibu ndiyo kwa sauti ndogo, macho chini. Spés alimtazama baba yake mdogo usoni.

"Nawajua, baba mdogo. Na wewe sasa unawajua."

"Nawajua," akasema Gaudiosi. "Mpaka yule wa Bukoba."

Akasimama. Akatoa neno. Sitaliandika lote, ni neno la ukoo wao; lakini lilikuwa refu, na alipomtaja kaka yake hakusita.

*

Tulipokuwa tunakula, vyombo vimetapakaa kila mahali, watoto wanabishana kwa Kiingereza kwenye ngazi, nilimwona Spés amekwenda kuchuchumaa kando ya kiti cha Gaudiosi.

"Baba mdogo, nionyeshe."

"Ni majani tu, mwanangu."

"Nionyeshe hivyo hivyo."

Akampa simu. Pius alikuwa amesimama karibu na sahani mkononi, hajui kama aondoke au abaki. Akabaki.

"Mzee," akasema baadaye, "nimejitambulisha kwako. Kwa baba yake Spés bado."

"Yule hana anwani, kijana."

"Tutauliza njia."

"Kutoka kwetu Bukoba si mbali sana," akadakia Winifrida, mdomo umejaa ndizi. "Unapita Biharamulo, unashuka mpaka Kibondo. Catherine atatupa gari. Atataka kuja na yeye, hilo mjiandae."

Gaudiosi akaweka kijiko chini. Kwanza alisema safari ni ndefu. Kisha akasema barabara ile ina vumbi. Kisha, kama mtu anayeongea peke yake, akasema kulikuwa na bomba la maji karibu na kanisa, saruji yake nene, walilijenga watu wa kambi wenyewe, na kitu kama kile mihogo haiwezi kukila. Akilipata bomba, atampata kaka yake. Kutoka bombani anapajua hata gizani.

Florida akasema na yeye anakwenda. Zihindula akauliza kama huko Kibondo kuna samaki. Mimi nilisema nitakwenda, na hakuna aliyeniuliza nani amenialika. Tunangoja harusi ipite mwezi wa nane, halafu likizo ya Pius.

Spés alikuwa anaivuta ile picha kwa vidole viwili, anaikuza, anaipeleka kushoto, anaipeleka kulia, na Pius amemwinamia begani, wanalitafuta bomba.